Mama hasikii dalili yoyote, sukari yake ni 8.4. Dawa za nini?

Swali: Daktari, mama yangu ana miaka 58. Alipimwa sukari asubuhi kabla ya kula, ikawa 8.4. Haendi haja ndogo mara kwa mara, hana kiu, hajakonda, na kazi zake zote anazifanya. Ameandikiwa metformini na amegoma kuzimeza. Anasema zamani ugonjwa huu ulikuwa wa watu wachache, siku hizi kila anayepimwa anaambiwa anao, na kwamba wauza dawa wanatafuta wateja. Nami nimeanza kujiuliza: kisukari kimeongezeka kweli au ni vipimo tu vimekuwa vingi? Na mtu asiyeumwa anatibiwa nini?

Jibu: Ndugu yangu, usimcheke mama. Swali lake la vipimo ni la maana, na watafiti wamelihangaikia kwa miaka mingi. Nitaanza na hilo la idadi, kisha nije kwenye 8.4 yake, maana mambo hayo mawili yameshikana kuliko yanavyoonekana.

Ongezeko ni la kweli. Mwaka 1990 watu wazima wenye kisukari duniani walikadiriwa kuwa kama milioni 200. Kufikia 2022 walikuwa zaidi ya milioni 800. Mwenye shaka atasema watu wenyewe wameongezeka na wazee wamekuwa wengi, kwa hiyo wagonjwa lazima waongezeke. Hapo hajakosea, na sehemu ya mamilioni hayo inatoka huko. Lakini hata ukiweka kando ukubwa wa idadi ya watu na tofauti za umri, kiwango chenyewe kimepanda kutoka asilimia 7 hivi ya watu wazima hadi asilimia 14 hivi. Kigezo kilichotumika ni kilekile kwa miaka yote hiyo, na hesabu imetokana na tafiti zilizopima damu za watu katika jamii, wazima kwa wagonjwa, wala si madaftari ya hospitali. Kama daftari la kliniki lingekuwa ndiyo chanzo, hoja ya mama ingekuwa na nguvu sana.

Huenda ukakutana na takwimu mbili zinazogombana. Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 830 mwaka 2022. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linasema milioni 589 mwaka 2024. Hakuna anayedanganya hapo. Hesabu ya kwanza inamwingiza mtu mwenye sukari ya juu kabla ya kula, au mwenye kiwango cha juu cha HbA1c, yaani kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, au anayetumia dawa tayari. Ya pili inategemea zaidi vipimo vya sukari yenyewe kwenye damu, na inahesabu wenye miaka 20 hadi 79 tu. Wapo watu wengi ambao kipimo kimoja kinawanasa na kingine kinawaacha. Mimi hutumia takwimu zote mbili, ila kamwe sijumlishi ya huku na ya kule.

Sasa hilo la vipimo kuwa vingi. Shirikisho hilohilo linakadiria kwamba zaidi ya wanne kati ya kila watu wazima kumi wenye kisukari hawajui kama wanacho. Kwa hiyo tatizo letu limekaa upande wa pili kabisa: vipimo bado ni vichache. Mama alipata bahati ya kuwa miongoni mwa waliojua mapema.

Kuna mahali mama ana hoja, na ni haki niseme. Mpaka wa kumwita mtu mgonjwa umewahi kushushwa. Kwa miaka kadhaa sukari ya kabla ya kula ilitakiwa ifike milimoli 7.8 kwa lita. Chama cha Kisukari cha Marekani kikaushusha hadi 7.0 mwaka 1997, na Shirika la Afya Duniani likafuata mwaka 1999. Ni kweli kwamba siku mpaka unaposhuka, watu waliolala wazima wanaamka wagonjwa. Sababu ya kuushusha ilikuwa machoni: watafiti walipolinganisha viwango vya sukari na picha za sehemu ya nyuma ya jicho, waliona kwamba kuanzia kama 7 hivi ndipo madhara ya kisukari kwenye mishipa midogo yanaanza kuongezeka waziwazi. Lakini hata tukimrudishia mama mpaka wa zamani, 8.4 bado ameuvuka.

Ana hoja nyingine ambayo pengine hata hajaiwaza. Kwa mtu asiye na dalili, kipimo kimoja hakitoshi kumthibitishia kisukari. Kinatakiwa cha pili, siku nyingine, au kipimo cha aina nyingine kama HbA1c, ambapo asilimia 6.5 na kuendelea ndiyo kisukari. Homa kali, dawa za kundi la steroidi, hata kile kikombe cha chai yenye sukari ambacho mtu anasahau kukitaja, vyote vinaweza kuipandisha namba ya siku moja. Kama hakupimwa mara ya pili, kabla hamjagombana kuhusu vidonge mpeleke akapimwe tena. Ukaidi wa wagonjwa wengi hulainika wakiona namba ileile imejirudia.

Tuchukulie imejirudia. Kwa nini basi hasikii kitu?

Figo huchuja damu na kuirudisha sukari yote mwilini, mpaka sukari inapofika kama milimoli 10 kwa lita. Hapo figo hushindwa kuirudisha yote, na inayobaki humwagika kwenye mkojo, kama maji ya bwawa yanayopita juu ya ukuta. Sukari hiyo huvuta maji ikitoka nayo. Ndipo mtu anapokojoa sana, anapata kiu, na baadaye anakonda. Sukari ya mama ni 8.4. Iko chini ya ukuta. Kutokuwa na kiu hakumaanishi kwamba kipimo kimekosea, wala hakumaanishi kwamba mwili wake umeizoea. Dalili zile tatu mashuhuri ambazo watu wote wanazijua ni dalili za sukari iliyokwisha kupanda sana, na ninaona tumezihubiri kupita kiasi, kiasi kwamba asiyekuwa nazo anajihesabu mzima.

Wakati huo, chini ya ukuta, kazi inaendelea. Sukari iliyozidi kidogo kwa miaka huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho, vichujio vya figo na mishipa ya fahamu ya nyayo. Hujiunga na presha na mafuta kuiziba mishipa mikubwa ya moyo na ubongo. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza ulioanza mwaka 1977, uliowaandikisha watu zaidi ya 5,000 waliokuwa ndiyo kwanza wamegunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya pili, karibu nusu yao walikutwa na dalili za madhara siku hiyohiyo ya kugunduliwa. Hao nao asubuhi ile walikuwa watu wanaofanya kazi zao zote.

Hapa nitenganishe jambo moja upesi. Kisukari cha aina ya kwanza ni habari nyingine: kinga ya mwili huziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, mara nyingi utotoni au ujanani, na bila sindano ya insulini mtu hufa kwa muda mfupi. Hicho hakijifichi miaka kumi. Cha mama, kwa umri wake na namba yake, kina uwezekano mkubwa kuwa cha aina ya pili, ambacho ndicho walicho nacho zaidi ya tisa kati ya wagonjwa kumi. Kongosho bado linatoa insulini, ila mwili hauiitikii vizuri, na kadiri miaka inavyokwenda kongosho huchoka. Uzito hasa wa tumboni, kukaa muda mrefu, umri na damu ya ukoo ndivyo vinavyokisukuma. Wembamba nao hukipata, kwa hiyo asijitetee na hilo.

Tuje kwenye dawa na watafuta wateja. Tuhuma hiyo ningeielewa vizuri zaidi kama mama angeandikiwa dawa mpya ya bei kali. Metformini asili yake ni utafiti uliofanywa juu ya mmea uitwao galega, na daktari Mfaransa Jean Sterne aliripoti kuitumia kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1957. Haina mwenye hakimiliki kwa miaka mingi sasa, viwanda vingi duniani vinaitengeneza, na ni miongoni mwa vidonge vya bei ya chini katika famasi yoyote. Anayetaka kutajirika kwa mgonjwa hachagui kidonge hicho.

Inamsaidia nini asiyeumwa? Utafiti ule wa Uingereza ulitoa matokeo yake mwaka 1998. Kwa wastani wa miaka kumi, kundi moja lilishikilia HbA1c kwenye asilimia 7.0 na jingine likabaki 7.9. Tofauti hiyo ndogo ilipunguza madhara ya mishipa midogo, yaani ya macho na figo, kwa asilimia 25. Miongoni mwa wenye uzito mkubwa waliopewa metformini, vifo vilipungua kwa asilimia 36, ingawa kundi hilo lilikuwa dogo, watu 342. Walipofuatiliwa miaka kumi mingine baada ya utafiti kwisha, waliodhibitiwa mapema waliendelea kuwa na nafuu hata pale sukari zao zilipokuwa zimelingana na za wenzao. Mwili ulikuwa bado unalipwa kwa miaka ile ya mwanzo. Hii ndiyo sababu sikubaliani kabisa na ushauri wa kungoja dalili: miaka ambayo mtu hasikii kitu ndiyo miaka ambayo dawa ina faida kubwa kuliko yote.

Nikiruhusiwa kulalamika kidogo: wagonjwa wetu wanaijua sukari yao na hawaijui presha yao. Katika utafiti uleule, wagonjwa waliokuwa na presha pia waligawanywa. Walioshushwa hadi wastani wa 144/82, wakilinganishwa na waliobaki 154/87, walipungukiwa na vifo vitokanavyo na kisukari kwa asilimia 32 na kiharusi kwa asilimia 44. Mwenye kisukari mara nyingi huuawa na moyo au kiharusi. Kwa hiyo kama mama atashughulikia sukari akaiacha presha na lehemu, yaani kolesteroli, mafuta yaliyo kwenye damu, atakuwa amefunga mlango mmoja kati ya mitatu.

Wala isidhaniwe kwamba kadiri sukari inavyoshuka ndivyo bora. Utafiti mmoja wa Marekani na Kanada, wenye washiriki zaidi ya 10,000, ulilazimisha HbA1c ishuke chini ya asilimia 6 kwa watu waliokwisha kuugua muda mrefu. Mwaka 2008 sehemu hiyo ilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu vifo vilizidi kwenye kundi lililokazwa. Kwa wengi lengo la karibu asilimia 7 linafaa. Kwa mzee dhaifu, au mwenye dawa zinazoweza kuishusha sukari ghafla, tunalegeza. Metformini peke yake ni nadra kuishusha kupita kiasi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza nayo.

Na je, bila dawa? Inawezekana kwa baadhi, na nisingependa mama aamini kwamba kidonge ni kifungo cha maisha bila kuangalia. Katika utafiti uliofanyika Scotland na kaskazini mwa Uingereza, watu wenye kisukari cha aina ya pili kwa muda usiozidi miaka sita waliwekwa kwenye mpango mkali wa kupunguza uzito chini ya usimamizi. Baada ya mwaka mmoja asilimia 46 walikuwa na sukari iliyo chini ya mpaka wa kisukari bila dawa. Kati ya waliopunguza kilo 15 au zaidi, walikuwa asilimia 86. Baada ya miaka miwili ile 46 ilikuwa imeshuka kuwa 36, kwa sababu uzito hurudi. Kwa hiyo kuna njia, ina masharti, na sukari hurudi pale uzito unaporudi. Kama mama ana uzito wa kupunguza na yuko tayari kweli, azungumze na daktari wake aweke muda, tuseme miezi mitatu, kisha HbA1c iseme. Anayekuuzia chupa ya kuponya kisukari kwa wiki mbili hana utafiti wa namna hiyo wa kukuonyesha, muulize uone.

Zipo dawa nyingine mpya zaidi. Kundi moja la vidonge hufanya figo zitoe sukari kwenye mkojo, na limeonyesha kulinda figo na moyo uliochoka. Kundi la sindano, nyingi zikiwa za mara moja kwa wiki, hupunguza uzito pamoja na sukari. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo au figo, dawa hizi zinafaa kufikiriwa mapema, hazingoji metformini ishindwe. Tatizo lake ni bei, na bei ndiyo inanirudisha kwenye ile tuhuma ya mama kuhusu wauza dawa.

Insulini ilichomwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza Toronto, Januari 1922, kwa kijana wa miaka 14 aliyekuwa akielekea kufa. Mwaka uliofuata wagunduzi wake waliuza hakimiliki kwa chuo kikuu cha huko kwa dola 1 kila mmoja, ili dawa isije ikawa mali ya mtu. Karne imepita, na kampuni tatu ndizo zinazoshika sehemu kubwa ya soko la insulini duniani, na bado kuna watoto wenye aina ya kwanza ambao familia zao zinaigawa chupa moja ili ifike mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mama akisema kuna wanaofaidika na ugonjwa huu, simpingi. Ninachompinga ni kuchukua hasira hiyo akaimalizia kwenye kidonge cha bei rahisi kinachomfaa yeye.

Mzigo wenyewe ukoje? Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linakadiria vifo milioni 3.4 kwa mwaka 2024 na matumizi ya zaidi ya dola trilioni 1 katika mwaka huo. Wagonjwa wanne kati ya watano wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Namba inayonisumbua mimi zaidi ni nyingine: mwaka 2022, karibu sita kati ya kumi ya watu wazima wa miaka 30 na zaidi wenye kisukari, yaani watu kama milioni 445, hawakuwa wakitumia dawa yoyote ya kisukari. Wengine hawajui, wengine hawana uwezo, wengine zahanati yao haina dawa, na wengine ni kama mama: wanajua, dawa ipo, na wanajisikia vizuri.

Mfumo wa afya wa nchi nyingi ulijengwa kwa ajili ya malaria, uzazi na majeraha: mtu anaumwa, anaingia, anatibiwa, anatoka. Kisukari kinataka daftari la miaka ishirini. Kisipolipata, gharama hazipotei, huhamia mwisho wa safari, kwenye mashine ya kusafisha damu, wodi ya upasuaji na kitanda cha kiharusi. Kidonda cha mguu ndicho hutangulia sehemu kubwa ya wanaokatwa mguu kwa kisukari, na kidonda hicho mara nyingi huanza na ganzi ambayo muuguzi angeigundua kwa uzi wa plastiki wa kugusia unyayo, kipimo cha dakika mbili. Kisukari huhatarisha hata mapafu: mwenye kisukari ana uwezekano mara mbili hadi tatu zaidi wa kuugua kifua kikuu. Mwaka 2022 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana malengo ya kufikia 2030, likiwamo la kwamba asilimia 80 ya wenye kisukari wawe wamegunduliwa, na kwamba kila mwenye aina ya kwanza apate insulini anayoimudu. Ni malengo mazuri. Kwa mwendo tulionao, sioni nchi nyingi zikiyafikia.

Kwa mama, ningefanya hivi. Kipimo kirudiwe, na HbA1c iwepo kama inapatikana. Presha ipimwe siku hiyohiyo. Mkojo uangaliwe kama una protini, na damu ipimwe kazi ya figo, kwa kuwa metformini haifai kwa figo zilizochoka sana. Lehemu ipimwe. Macho yachunguzwe na mtu atakayemtilia dawa ya kupanua mboni au kumpiga picha ya retina. Kusoma herufi ukutani si uchunguzi wa kisukari. Miguu iguswe na iangaliwe, hata katikati ya vidole.

Akikubali dawa, aanze na dozi ndogo, ameze pamoja na chakula, na ipandishwe polepole kwa wiki kadhaa. Tumbo kuvurugika na kuharisha ndiko kunakowafanya wengi waiache wiki ya kwanza bila kumwambia mtu. Kwa kawaida hupungua, na kuna vidonge vinavyotoa dawa taratibu ambavyo tumbo huvivumilia zaidi. Siku akitapika au kuharisha sana, asimamishe na aulize kliniki. Na kama siku moja sukari itapanda sana, akawa na kiu isiyokatika, kutapika, kupumua kwa nguvu au kuchanganyikiwa, hapo msingoje kesho, ni hospitali.

Usimtishe kwa hadithi za miguu iliyokatwa. Hizo amezisikia, na mtu anayejisikia mzima huziona ni za wengine. Mwonyeshe namba zake mwenyewe, za leo na za miezi mitatu ijayo.

Nawe, kwa kuwa una mzazi mwenye kisukari cha aina ya pili, hatari yako iko juu kuliko ya mtu mwingine wa rika lako. Kama umefika miaka 35, au hujafika ila una uzito uliozidi, pima mwaka huu. Ikiwa sawa, rudia baada ya miaka mitatu. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9 kabla ya kula, hujawa mgonjwa lakini pima kila mwaka, na kupunguza uzito pamoja na mwendo wa miguu vina nguvu kubwa sana katika hatua hiyo. Nenda siku moja na mama. Ni rahisi zaidi kwake kunyoosha kidole kichomwe kama nawe umenyoosha chako.